Pinin Farina: Mpiga bati aliyeyapa magari ya dunia sura mpya

WAKENYA waliosafiri kwa barabara katika miaka ya sitini na sabini hawahitaji kukumbushwa gari aina ya Peugeot 404. Lilibeba abiria wa masafa marefu, likatamba katika mashindano ya Safari Rally, na hata lilipochakaa, mafundi wa vichochoroni waliendelea kulinyoosha na kulirudisha barabarani.

Ni wachache waliojua kwamba umbo la gari hilo la Kifaransa halikubuniwa Ufaransa. Lilitoka mjini Turin, Italia, katika kampuni ya mtu aliyeanza kazi akiwa na umri wa miaka 12 katika karakana ya kufua mabati kwa mkono.

Mtu huyo alikuwa Battista Farina. Alizaliwa Novemba 2, 1893, katika eneo la Piedmont, kaskazini magharibi mwa Italia, akiwa mtoto wa kumi katika familia ya watoto kumi na mmoja. Jamaa zake walimwita Pinin, neno ambalo katika lugha ya watu wa Piedmont lina maana ya mdogo. Hakuna aliyedhani wakati huo kwamba lakabu hiyo ya utotoni ingekuja kuandikwa kwenye magari na kusomwa pembe zote za dunia.

Familia ya Farina haikuwa na mali ya kumsomesha mtoto huyo hadi vyuo vikuu. Kaka yake mkubwa, Giovanni, alikuwa na karakana ya kutengeneza bodi za magari mjini Turin iliyojulikana kama Stabilimenti Farina. Pinin alipotimiza miaka 12 alijiunga nayo, na hapo ndipo palipokuwa shule yake ya sekondari na chuo chake kikuu.

Ili kuifahamu kazi aliyoikuta, yafaa tukumbuke jinsi magari yalivyonunuliwa siku hizo. Kampuni nyingi ziliuza injini, magurudumu na fremu ya chini, yaani chesisi. Mnunuzi mwenye uwezo aliipeleka chesisi hiyo kwa mjenzi wa bodi, akachagua umbo, viti na rangi. Utaratibu huo si mgeni kwetu, kwa maana mabasi na matatu nyingi za Kenya hutengenezwa vivyo hivyo hadi leo: chesisi ya lori hununuliwa, kisha karakana ya humu nchini huiundia bodi.

Wajenzi wa bodi walikuwa wamerithi ufundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Kiunzi kilikuwa cha mbao ngumu, na juu yake yakapigiliwa mabati. Kadiri magari yalivyoongeza mwendo, ndivyo wanunuzi walivyotaka maumbo yenye mviringo badala ya masanduku, na hapo mpiga bati akawa mtu muhimu kuliko seremala.

Kazi ya mpiga bati huanza na bati tambarare na kumalizika kwa umbo lililobinuka huku na huku. Kwanza huundwa kiolezo cha mbao chenye ukubwa kamili wa gari linalokusudiwa. Fundi hukata kipande cha bati, akakilaza juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, au juu ya gogo lililochongwa shimo, akaanza kukigonga kwa nyundo ya mbao. Kila pigo hutanua bati pale lilipotua, na kwa kuwa kingo hazijatanuka, kipande hulazimika kubonyea kama bakuli.

Mahali panapohitaji kupunguzwa, fundi huzikunja kingo ziwe marinda madogo, kisha huyaponda taratibu hadi yapotee na bati libaki fupi na nene zaidi. Halafu huchukua nyundo ya chuma yenye uso laini, akashikilia kipande kizito cha chuma upande wa pili mithili ya fuawe, akafuta alama za mapigo moja baada ya nyingine. Kila mara bati hurudishwa kwenye kiolezo ili kuona limeketi wapi na limeinuka wapi.

Hatari ziko nyingi. Bati linalogongwa mno hukakamaa, na lisipopashwa moto ili lilegee, hupasuka. Alumini ina ujanja wake, kwani haibadiliki rangi inapokaribia kuyeyuka. Kwa sababu hiyo mafundi huipaka sabuni kabla ya kuiwekea moto. Sabuni inapogeuka nyeusi, hujua kwamba joto limetosha. Bati lililotanuliwa kupita kiasi nalo ni kazi ngumu kulirudisha, na mara nyingine ni heri kulitupa na kuanza upya.

Vipande vilivyokamilika huchomelewa pamoja, mishono ikapigwa tupa, na vibonyeo vidogo vikajazwa risasi iliyoyeyushwa. Mtihani mkubwa huja mwisho, wakati madigadi ya kushoto yanapotakiwa kulingana na ya kulia. Macho huweza kudanganyika, hasa kabla ya rangi kupakwa. Ndiyo maana mafundi hawa hukipitisha kiganja juu ya bati, kwa kuwa mkono hugundua wimbi ambalo jicho halilioni.

Hiyo ndiyo elimu aliyoipata Pinin. Alikua akijua nini kinawezekana kwa bati na nini hakiwezekani, na maarifa hayo yalimfaa kuliko kalamu. Katika maisha yake yote alijulikana zaidi kwa kusimama kando ya mafundi na kuelekeza kwa mikono mahali pa kupunguza na mahali pa kuongeza, kuliko kuketi kwenye meza ya kuchora.

Kipaji chake kilianza kuonekana mapema. Alikuwa na umri wa takriban miaka 18 wakati kampuni ya Fiat ilipokuwa ikiandaa gari lake dogo lililoitwa Zero. Pinin alibuni sura ya rejeta yake, na Giovanni Agnelli, mkuu wa Fiat, akaipendelea. Kwa kijana asiye na cheti chochote, hilo lilikuwa jambo la kutia moyo.

Mnamo 1920 alisafiri hadi Marekani kujionea kazi ya Detroit. Huko alikuta dunia nyingine. Magari yalitoka kiwandani kwa maelfu yakiwa yamefanana, na sehemu za bodi zilikandamizwa kwa mashine kubwa zilizofanya kwa pigo moja kazi ambayo ingemchukua fundi wa Turin siku kadhaa. Henry Ford alimpa nafasi ya kazi. Pinin aliikataa, akarejea nyumbani.

Haikuwa kwamba aliidharau mashine. Aliyoyaona Detroit yalimkaa moyoni, na kwa miaka kumi iliyofuata aliendelea kufanya kazi kwa kaka yake huku akitafakari jinsi ufundi wa mkono na uwezo wa kiwanda ungeweza kukaa chini ya paa moja. Katika kipindi hicho pia aliendesha magari ya mashindano, na mwaka wa 1921 alishinda mbio za kupanda mlima kutoka Aosta hadi Gran San Bernardo.

Mei 22, 1930, akiwa na umri wa miaka 36, aliondoka kwa kaka yake na kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Carrozzeria Pinin Farina. Wakati haukuwa mzuri. Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka miezi michache tu iliyotangulia, na uchumi wa dunia ulikuwa ukididimia. Wateja wa magari ya kifahari walikuwa wakipungua badala ya kuongezeka.

Alichokuwa nacho ni msaada wa jamaa za mkewe pamoja na imani ya Vincenzo Lancia, mtengenezaji magari aliyempenda na kumpa kazi. Kusudi lake pia lilikuwa tofauti na la wajenzi wengi wa wakati huo. Hakutaka kumtengenezea kila tajiri gari moja la peke yake hadi afe. Alitaka kuunda bodi maalumu kwa wingi unaoweza kulisha kiwanda, bila ya kupoteza ubora wa kazi ya mkono.

Miaka ya thelathini ilikuwa ya majaribio. Pinin aliamini kwamba upepo ndio unaopaswa kuamua umbo la gari. Alilaza vioo vya mbele vilivyokuwa vimesimama wima, akaviringisha kingo, na kurefusha sehemu ya nyuma. Gari lake la mwaka wa 1936, lililojengwa juu ya chesisi ya Lancia Aprilia, lilionyesha wazi mwelekeo huo. Maumbo hayo yote yalifuliwa kwa nyundo, maana hapakuwa na mashine ya kuyakandamiza na idadi ya magari haikuhalalisha gharama ya kuinunua.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na Italia ikajikuta upande ulioshindwa. Maonyesho ya magari ya Paris yalipofunguliwa tena Oktoba 1946, watengenezaji wa Italia hawakuruhusiwa kushiriki. Turin ilikuwa imepigwa mabomu, na wengi waliona hapakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Pinin hakusubiri. Pamoja na mwanawe Sergio, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliendesha magari mawili kutoka Turin hadi Paris, moja Alfa Romeo na jingine Lancia Aprilia. Waliyasafisha, wakayaegesha nje ya lango la jumba la Grand Palais, mahali ambapo kila aliyekuwa akiingia kwenye maonyesho alilazimika kuyaona. Waandalizi hawakufurahi, lakini barabara ilikuwa ya umma. Watu walikusanyika, na magari yaliyokatazwa kuingia yakazungumziwa kuliko mengi yaliyokuwa ndani.

Mwaka uliofuata lilitokea gari lililomfanya ajulikane hata na wasiopenda magari. Piero Dusio, mfanyabiashara aliyewahi kuichezea klabu ya kandanda ya Juventus, alikuwa na kampuni changa iliyoitwa Cisitalia. Alitaka gari dogo la kasi. Mhandisi wake, Giovanni Savonuzzi, aliandaa michoro ya awali, na Pinin akaichukua na kuipa umbo la mwisho. Gari hilo likaitwa Cisitalia 202.

Kabla ya hapo gari lilionekana kama mkusanyiko wa vitu mbalimbali. Boneti ilikuwa kitu kimoja, madigadi kitu kingine, na taa zilisimama pekee kama macho ya kaa. Katika Cisitalia vyote vilimezwa na ngozi moja ya alumini iliyotiririka kutoka mbele hadi nyuma bila kukatika. Boneti iliwekwa chini kuliko madigadi, taa zikazama ndani ya bati, na hakukuwa na pambo lililobandikwa ili kuficha kasoro.

Umbo la namna hiyo halimwachii fundi mahali pa kujificha. Penye kona na mapambo, kosa dogo hufunikwa. Penye bati lililo wazi, mwanga wa jua hufichua kila pigo lililokwenda upande. Bodi hizo zilifuliwa kwa mkono juu ya violezo vya mbao, na kwa muda wa miaka michache yalitengenezwa takriban magari 170 tu. Cisitalia yenyewe haikuchukua muda kabla ya kuingia katika matatizo ya fedha.

Hata hivyo, gari lilidumu kuliko kampuni iliyoliagiza. Mnamo 1951 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York liliandaa maonyesho ya magari manane kama kazi za sanaa, na Cisitalia ikawa mojawapo. Baadaye, mwaka wa 1972, gari moja la aina hiyo liliingizwa katika hazina ya kudumu ya jumba hilo. Kazi ya nyundo na mfuko wa mchanga ilikuwa imepata nafasi pamoja na michoro na sanamu za wasanii wakuu.

Tangu hapo milango ilifunguka. Wamarekani, ambao miaka 30 nyuma walitaka kumwajiri, sasa walimfuata Turin. Kampuni ya Nash ilitangaza magari yake ya mwaka wa 1952 kwa kutumia jina lake. Enzo Ferrari naye alihitaji mtu wa kuyavika magari yake. Kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa kujithamini, hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake, na hatimaye walikutana katika mji wa Tortona, ulio kati ya Turin na Modena. Mapatano yaliyofikiwa hapo yaliunganisha majina hayo mawili kwa zaidi ya nusu karne.

Katikati ya mafanikio hayo, kulikuwa na swali zito. Alfa Romeo ilipoamua kutengeneza gari la wazi la Giulietta Spider mwaka wa 1955, Pinin alipewa kazi ya kulibuni na kuliundia bodi. Mahitaji yalikuwa ya maelfu, hasa kutoka Marekani, na hakuna kundi la wapiga bati, hata liwe hodari vipi, lingeweza kuyatimiza kwa mkono. Ilimbidi achague kati ya kubaki fundi wa wachache au kuwa mwenye kiwanda.

Alikuwa na mfano karibu naye. Stabilimenti Farina, karakana ya kaka yake iliyomlea, ilikuwa imefunga milango mwaka wa 1953. Haikufungwa kwa kukosa ufundi, kwani ndani yake walipitia mafundi na wabunifu waliokuja kuwa mashuhuri, akiwemo Alfredo Vignale na Giovanni Michelotti. Dunia iliyoilisha ilikuwa imetoweka. Kampuni za magari zilikuwa zikiacha kuuza chesisi tupu, kwa sababu bodi na fremu sasa viliundwa kama kitu kimoja, na mteja wa gari moja la kipekee alikuwa amekuwa haba kama maziwa ya kuku.

Pinin alichagua kiwanda. Mwaka wa 1958 kampuni ilihamia Grugliasco, nje kidogo ya Turin, ikiwa na mashine na nafasi ya kutosha. Lakini hakuwafukuza wapiga bati. Aliwapa kazi ya kwanza kabisa: kuunda kwa mkono gari la mfano ambalo mashine zingeliiga baadaye. Mashine ilijua kurudia. Kubuni kulibaki kwa mkono. Na pale magari yalipohitajika machache, nyundo iliendelea kutawala, kama ilivyokuwa kwa baadhi ya magari ya Ferrari yaliyobuniwa Turin na kufuliwa kwa alumini na mafundi wa Sergio Scaglietti mjini Modena.

Mpango huo ndio uliomfikisha Afrika Mashariki. Kwa kuwa sasa aliweza kubuni magari ambayo wengine wangeyatengeneza kwa wingi, kampuni kubwa zilimwendea. Peugeot ilianza na 403 mwaka wa 1955, kisha ikafuata 404 mwaka wa 1960. Waingereza wa BMC nao walimwomba sura mpya za Austin na Morris, na magari kama Austin Cambridge na Morris Oxford ya mwishoni mwa miaka ya hamsini yalikuwa kazi yake. Magari hayo yalienea katika barabara zetu bila wengi kujua kwamba yalitoka katika fikra ya mtu mmoja.

Mwaka wa 1961 Pinin aliiachia uongozi wa kampuni jamaa yake, yaani mwanawe Sergio na mkwewe Renzo Carli. Mwaka huo huo, kwa amri ya Rais Giovanni Gronchi, serikali ya Italia iliidhinisha jina la ukoo wake libadilishwe. Lakabu ya utotoni na jina la ukoo viliunganishwa, na tangu siku hiyo familia na kampuni vikaitwa Pininfarina.

Machi 1966, gari la Alfa Romeo Spider lilizinduliwa katika maonyesho ya Geneva. Lilikuwa la mwisho kutoka chini ya uangalizi wake. Aprili 3 mwaka huo alifariki mjini Lausanne, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 72.

Pasaka ya mwaka huo iliangukia Aprili 10, na kama ilivyokuwa desturi, East African Safari ilifanyika wakati huo wa sikukuu. Katika magari 88 yaliyoanza safari, ni 9 tu yaliyofika mwisho. Mshindi alikuwa Bert Shankland wa Tanzania, akisaidiwa na Chris Rothwell, wakiendesha Peugeot 404. Aina hiyo ya gari ilikuwa imeshinda tayari mwaka wa 1963, na ikashinda tena 1967 na 1968. Kwa hivyo siku chache baada ya kifo chake, gari alilolipa sura lilikuwa likitoka matopeni likiwa la kwanza, huku wengi waliolishangilia hawakupata hata kulisikia jina lake.

Kampuni aliyoianzisha ilipitia mengi baadaye. Peugeot 504 iliyomfuata 404 barabarani ilibuniwa hapo pia. Sergio aliiongoza kwa miongo mingi na akafariki mwaka wa 2012. Deni liliilemea, ikaacha kutengeneza magari kwa wingi, na mwaka wa 2015 kundi la Mahindra kutoka India likakubaliana na familia kununua sehemu kubwa ya hisa zake.

Maisha ya Pinin Farina yana funzo kwa nchi yenye maelfu ya mafundi wa jua kali. Pale Kamukunji jijini Nairobi, mlio wa nyundo juu ya bati husikika kuanzia asubuhi, na katika karakana za matatu kuna vijana wanaojua kulipinda bati kwa kulitazama tu. Ufundi wao hauna tofauti kubwa na ule alioukuta mtoto wa miaka 12 mjini Turin. Yeye alipata kaka wa kumfunza, mteja wa kumwamini na mtaji wa kumwezesha kununua mashine alipoihitaji. Palipokosekana mojawapo, kama ilivyokuwa kwa karakana ya Giovanni, ufundi pekee haukutosha kuinusuru.